Kwa nini runinga hutia maandishi ya kompyuta ukungu, na namna ya kuyasafisha

Saa ya kompyuta ilikuwa imekatwa. Chini kulia, Windows huandika saa na chini yake tarehe. Kwenye runinga ile tarehe haikuonekana kabisa, na saa ilibaki kipande tu, tarakimu zake zimefyekwa miguu. Kijana wa jirani yangu hapa Umoja alikuwa ameizoea hali hiyo kwa mwezi mzima. Kioo cha laptopu yake kilipasuka, akaiunganisha na runinga ya mamake ya inchi 43 na kuendelea na kazi yake ya unukuzi, ile ya kusikiliza sauti na kuiandika, ambayo vijana wengi wa Nairobi huifanya mtandaoni usiku. Kilichomleta kwangu ni macho.

"Mwalimu, maandishi yana ukungu. Nimenunua waya wa pili pale Luthuli na bado. Hata nimeanza kufikiria miwani."

Nilimwambia miwani ingoje kwanza. Mimi ni mhariri wa vitabu, nashinda mbele ya maandishi tangu asubuhi, na huu ni mwaka wa nne runinga ikiwa ndiyo skrini yangu. Ile saa iliyokatwa ilikuwa imeshanieleza nusu ya ugonjwa.

Chukulia kioo cha runinga kuwa ukumbi uliopangwa viti. Runinga ya Full HD ina viti 1920 kwa mlalo na 1080 kwa wima, zaidi ya milioni mbili kwa jumla, na kila kiti ni nukta moja inayowaka rangi yake. Kompyuta nayo huchora ukurasa wake nukta kwa nukta. Kila nukta ya kompyuta ikiketi kwenye kiti chake, maandishi hukata kama wembe. Runinga ikiingilia kati, ikavuta, ikabana, ikapunguza rangi au ikajaribu kuipamba picha, maandishi huvuja. Karibu kila ukungu nilioukuta kwenye runinga ulitokana na mkono huo unaoingilia kati. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, mtu autafute mkono huo na kuuondoa.

Lakini mbona filamu na mpira huonekana vizuri kwenye runinga hiyohiyo? Kwa sababu uso wa mtu hauna mipaka mikali. Shavu hutoka kwenye mwanga kwenda kwenye kivuli polepole, nyasi za uwanja zinachanganyika zenyewe, na kila kitu kinasogea. Ukizisogeza nukta za picha kama hiyo kidogo, jicho halitambui. Sasa itazame herufi m ndogo kwenye barua pepe. Ina miguu mitatu, na kwa ukubwa wa kawaida wa maandishi kila mguu una unene wa nukta moja tu, na kati ya mguu na mguu kuna nukta mbili au tatu nyeupe. Hakuna nafasi ya kukosea hapo. Mguu ukianguka katikati ya viti viwili, viti vyote viwili vinakuwa kijivu, pengo linajaa, na m inaanza kufanana na doa. Zidisha hilo kwa herufi elfu mbili za ukurasa mmoja, na macho yatakuuma kabla ya saa sita mchana.

Turudi kwenye saa iliyokatwa. Runinga za zamani, zile zenye kisogo kirefu zilizomeza nusu ya kabati la sebuleni, zilichora picha kwa mwale wa elektroni uliopelekwa huku na huku kwa nguvu ya sumaku. Ukubwa wa picha haukutulia. Stima ikishuka, picha nayo ilisinyaa na ukingo mweusi ukajitokeza, na kadiri runinga ilivyozeeka ndivyo picha ilivyozidi kuhama. Watengenezaji wakaamua kuikuza picha kidogo ipite mipaka ya kioo, ili hata ikisinyaa mtazamaji asione pengo. Watangazaji nao wakazoea kuweka majina ya watu na matokeo ya mpira mbali na kingo. Ulikuwa uamuzi wa busara kwa vifaa vya wakati ule.

Kenya ilizima matangazo ya analojia mwaka 2015, na vioo bapa vya leo havina mwale wa kusinyaa. Tabia ile ilirithiwa hata hivyo. Runinga nyingi, zikipokea picha kwa HDMI, yaani ule waya wa kuunganisha kompyuta au dekoda na runinga, huidhania kuwa ya kituo cha televisheni, hukata ukanda mwembamba pande zote nne, kisha huvuta kilichobaki kijaze kioo kizima. Tuseme zimekata asilimia 5. Kati ya nukta 1920 za mlalo zimebaki 1824, nazo zinatakiwa kukalia viti 1920. Ukipiga hesabu, kila nukta 19 zinagawiwa viti 20. Ni kama mama aliyepika chapati 19 na wageni wakafika 20, na hataki sahani yoyote ibaki tupu. Atamega hapa, ataongezea pale, na mwishowe karibu kila mgeni atakula vipande vya chapati mbili tofauti. Hivyo ndivyo karibu kila nukta ya kioo inavyopata kipande cha nukta hii na kipande cha jirani yake. Nyeusi na nyeupe zinamegwa pamoja, zinatoa kijivu, na kijivu hicho ndicho unachokiita ukungu.

Dawa iko kwenye rimoti, ndani ya menyu ya picha, mahali pa kuchagua ukubwa wa picha. Kinachowachanganya watu ni kwamba kila kampuni imelipa jambo hilo jina lake. Samsung huliita "Screen Fit" au "Fit to Screen", LG huliita "Just Scan", na Sony "Full Pixel". Kwenye runinga nyingine utakuta "Dot by Dot", au "1:1", au swichi iliyoandikwa "Overscan" ambayo wewe unaizima. Usiridhike na "16:9". Maneno hayo yanakuahidi umbo la picha peke yake, na runinga nyingi zikiwa kwenye 16:9 huendelea kukata kingo.

Hapa pana mtego ambao nimeona watu makini wakinaswa. Wakiona kingo zimekatwa, wanaingia kwenye programu ya kadi ya michoro ndani ya kompyuta na kukuta kitelezi cha kupunguza ukubwa wa picha. Wanakivuta, saa inarudi, wanafurahi. Lakini sasa kompyuta inaibana picha ili runinga ipate nafasi ya kuivuta. Nukta zimemegwa mara mbili, na maandishi yamekuwa mabaya kuliko mwanzo. Kitelezi hicho kiache kwenye sifuri, kisha uiponye runinga yenyewe. Ikiwa kuna mtu aliwahi kukigusa, kirudishe mahali pake kabla ya kujaribu lolote lingine.

Kwa kijana wetu tulibonyeza rimoti mara nne. Picha ikarudi ndani kidogo, tarehe ikajitokeza chini ya saa. "Kumbe ilikuwepo," akasema. Herufi nyeusi zikasimama wima palepale.

Kuna runinga ambazo hatua hiyo haizitoshi, nazo ni zile za inchi 32 utakazozikuta kwenye vyumba vingi vya kupanga hapa Nairobi kuanzia Pipeline hadi Kahawa West. Dukani utaambiwa, "Boss, hii ni HD," na hujadanganywa. Ila HD hiyo mara nyingi ina kioo cha nukta 1366 kwa 768. Runinga inakubali kupokea picha ya 1920 kwa 1080, na menyu yake inaandika 1080p kwa fahari, kisha inaibana iingie kwenye kioo kidogo. Hesabu yake ni nukta 45 kubanwa ziingie kwenye viti 32. Ukishuka hadi 1280 kwa 720 ukidhani ndio mpango, runinga itavuta: kila nukta 15 zitakalia viti 16. Kote kuna kumega.

Kinachotakiwa ni kompyuta itume 1366 kwa 768 kamili, lakini runinga hizo kwa kawaida hazitangazi idadi hiyo kupitia HDMI, kwa kuwa haimo kwenye orodha ya viwango vya utangazaji. Fungua mipangilio ya skrini katika Windows, nenda kwenye sehemu iitwayo "Advanced display", kisha kwenye sifa za kadi ya michoro, ubonyeze "List All Modes". Pengine utaikuta 1366 kwa 768, au dada yake 1360 kwa 768. Hiyo 1360 ina sababu yake: kadi nyingi za zamani zilihesabu upana kwa mafungu ya nukta nane, na 1366 haigawanyiki kwa nane. Ukiichagua utaona mstari mwembamba mweusi kila upande, nukta tatu tatu, na maandishi safi katikati. Ikiwa runinga ni ya zamani na ina tundu la VGA, lile la analojia, mara nyingi tundu hilo huikubali 1360 kwa 768 wakati HDMI imekataa. Ndio mahali pekee ambapo nitakushauri utumie VGA.

Ikishindikana kabisa, tuma 1080 kisha uongeze ukubwa wa maandishi hadi asilimia 150. Miguu ya herufi itapata unene wa nukta mbili na kuhimili kubanwa. Hautakuwa usafi kamili, lakini mtu atafanya kazi. Na kama bado hujanunua, iulizie idadi ya nukta za kioo chenyewe na uipate kwa maandishi kwenye kasha au kwenye kijitabu. "Inakubali 1080p" na "kioo chake ni 1080p" ni mambo mawili.

Ukungu wa kijana haukuwa umekwisha wote. Programu yake ya unukuzi huonyesha makosa kwa rangi nyekundu, na maneno mekundu yalikuwa bado yanatiririka kama wino uliomwagikiwa maji, ilhali meusi yalikuwa safi. Hiyo ni dalili ya ugonjwa wa pili, na ni ugonjwa wenye historia nzuri.

Jicho la binadamu hutambua tofauti za mwanga vizuri zaidi kuliko tofauti za rangi. Wahandisi wa televisheni walilitumia jambo hilo zamani sana: badala ya kutuma rangi kamili ya kila nukta, hutuma mwangaza wa kila nukta, lakini rangi hutumwa moja kwa nukta nne zilizokaa pamoja, mbili juu na mbili chini. Mpango huo huandikwa 4:2:0, na unapunguza mzigo wa picha hadi nusu. Kuna wa kati, 4:2:2, ambao nukta mbili za jirani hushirikiana rangi moja. Na kuna 4:4:4, ambao kila nukta ina rangi yake. Filamu karibu zote za mtandaoni na matangazo ya televisheni huja kwa 4:2:0, na hakuna anayelalamika. Lakini mguu mwekundu wa herufi wenye unene wa nukta moja ukilazimishwa kushirikiana rangi na weupe wa jirani yake, wekundu unamwagika nje na weupe unaingia ndani. Maandishi meusi juu ya karatasi nyeupe yanaponea kwa sababu tofauti yao ni ya mwangaza mtupu.

Kujipima ni rahisi. Fungua ukurasa wowote wa kuandikia, paka mandhari ya buluu, andika maneno madogo mekundu juu yake. Yakisomeka vizuri na kingo zake zimekaa, rangi zako ni kamili. Yakionekana kama yameandikwa kwa kidole kwenye kioo cha matatu asubuhi ya baridi, kuna mahali rangi zinapunguzwa.

Mahali hapo mara nyingi ni ndani ya runinga. Hata kompyuta ikituma rangi kamili, runinga nyingi huigeuza picha iwe 4:2:2 au 4:2:0 ili mitambo yake ya kupamba picha ifanye kazi kwa wepesi. Ili iache, inabidi uiambie kwamba kilichochomekwa ni kompyuta. Kwenye Samsung na LG unafungua orodha ya vyanzo vya picha, unachagua tundu husika, unaenda kwenye kuhariri, na unalipa jina au alama ya "PC". Inaonekana kama kubandika lebo tu, lakini runinga hubadilisha njia nzima ya kuishughulikia picha. Kwenye Sony utachagua hali ya picha iitwayo "Graphics". Runinga za zamani kidogo, hasa zile za ex-UK, yaani mitumba kutoka Uingereza, huwa na tundu moja la HDMI lililoandikwa "DVI" au "PC" kando yake, na hilo ndilo la kutumia. Runinga ambayo haina hata kimoja kati ya hivyo, jaribu hali ya michezo ya "Game". Huzima sehemu kubwa ya mapambo, na zaidi ya hapo kishale cha kipanya hukufuata mkono bila kuchelewa.

Kwenye runinga za 4K, zenye nukta mara nne ya zile za Full HD, kuna sababu nyingine, nayo ni upana wa njia. HDMI 1.4 ya mwaka 2009 hubeba gigabiti 10.2 kwa sekunde. Picha ya 4K yenye rangi kamili, ikichorwa upya mara 60 kwa sekunde, inahitaji karibu 18, uwezo uliokuja na HDMI 2.0 mwaka 2013. Njia ikiwa nyembamba, kompyuta na runinga huafikiana kimyakimya: ama picha ishuke hadi mara 30 kwa sekunde, ama rangi zipunguzwe hadi 4:2:0. Laptopu nyingi za mitumba zimeishia 1.4. Lakini pia kuna runinga zenye njia pana ambayo imefungwa kiwandani mpaka uifungue mwenyewe, kila tundu peke yake. LG huita kifunguo hicho "HDMI ULTRA HD Deep Colour", Samsung "Input Signal Plus", na Sony huiita "Enhanced Format". Ukishafungua, rudi kwenye programu ya kadi ya michoro uhakikishe imeandika RGB (yaani nyekundu, kijani na buluu kamili kwa kila nukta) au 4:4:4.

Mwenye laptopu isiyoweza zaidi ya HDMI 1.4 itabidi achague. Mimi kwa kusoma na kuhariri huchagua 4K kwa mara 30, rangi kamili. Kishale kinakokota kidogo na ukurasa unapopanda unaona mitetemo, ila herufi zilizotulia ni safi, na kazi yangu ni herufi zilizotulia. Anayehariri video au kucheza michezo ataona vingine.

Sasa kuhusu waya, maana hapa ndipo pesa za watu zinapopotelea. Barabara ya Luthuli ina waya wa HDMI wa kila bei, na mwuzaji atakuonyesha wenye vichwa vya rangi ya dhahabu na kukuambia picha itakuwa safi zaidi. Waya wa HDMI hubeba tarakimu. Tarakimu ama zimefika ama hazikufika. Waya mbovu hujitambulisha kwa vimulimuli vyeupe kwenye picha, kwa kioo kuwa cheusi kwa sekunde mbili na kurudi, au kwa kukataa kabisa 4K ya mara 60. Hauwezi kuifanya herufi iwe laini na kuacha kila kitu kingine kilivyo. Kijana alikuwa ametumia pesa ya chakula cha siku mbili kununua waya wa pili ambao haukuwa na kosa lolote la kurekebisha. Kwa runinga ya Full HD, ule wa bei ya chini unaofanya kazi unatosha. Kwa 4K ya mara 60, tafuta ulioandikwa "Premium High Speed".

Adapta ni habari tofauti. Kompyuta nyingi za mezani za ex-UK zilizotoka maofisini huja na tundu la VGA na la DisplayPort, bila HDMI. Adapta ya kutoka VGA hadi HDMI inayapokea mawimbi ya analojia na kuyakisia upya yawe tarakimu, na katika kukisia huko nukta huteleza, hasa kama mapigo ya ndani ya adapta na ya kompyuta hayakupatana. Huo ni ukungu wa kweli, na hakuna menyu ya runinga itakayouponya. Tumia tundu la DisplayPort. Adapta rahisi ya DisplayPort hadi HDMI hupitisha Full HD bila kugusa nukta hata moja. Kwa 4K ya mara 60 itabidi utaje hivyo dukani, kwa kuwa zile rahisi huishia mara 30. Na kurusha picha kwa Wi-Fi bila waya, acha kwa ajili ya kuonyesha picha za harusi. Picha hiyo hukandamizwa kama video kabla ya kurushwa, na maandishi hayawezi kutoka salama humo.

Baada ya nukta kukaa kwenye viti vyake na rangi kuwa kamili, kuna mapambo ya kuzima. Kubwa kuliko yote ni "Sharpness". Jina lake linashawishi: maandishi hayana makali, basi tuongeze makali. Kinachofanyika ni kwamba runinga hutafuta kila mpaka wa giza na mwanga, kisha huchora mstari mweupe kando ya mweusi ili mpaka uonekane mkali ukiwa umekaa mbali kwenye kochi. Ukiwa mezani unaona kila herufi imevaa kivuli cheupe, kama imeandikwa mara mbili. Weka maandishi meusi juu ya kijivu chepesi, teremsha namba polepole, na usimame pale kivuli kinapotoweka. Kwenye runinga nyingine hapo ni sifuri, kwenye nyingine ni karibu na katikati, na ukishuka zaidi ya hapo herufi zinaanza kulainika, kwa hiyo amini macho kuliko namba. Zima pia kupunguza chenga, ambako hudhani nukta ndogo za herufi ni uchafu, na kulainisha mwendo. Hali za picha za "Dynamic" na "Vivid" zina yote hayo kwa pamoja.

Maandishi yakiwa na kingo safi lakini yamefifia, weusi ukiwa kama majivu, chunguza viwango vya weusi. Video huhesabu weusi kuanzia 16 na weupe kuishia 235. Kompyuta huhesabu 0 hadi 255. Upande mmoja ukizungumza kwa hesabu hii na mwingine kwa ile, ama kila kitu kinapauka ama vivuli vinazama. Kwenye kompyuta chagua RGB kamili, na kwenye runinga "HDMI Black Level" iwe ya kawaida au kamili. HDR nayo, ule mpango wa kupanua tofauti ya mwanga na giza kwenye filamu, kwa kazi ya maandishi, izime ndani ya Windows.

Upande wa kompyuta hauna mengi. Rezolusheni, yaani idadi ya nukta zinazotumwa, iwe ile Windows inayoiandikia "Recommended", mradi umeshahakikisha ndiyo ya kioo chenyewe. Programu moja ikiwa na ukungu na nyingine zote ni safi, programu hiyo ni ya zamani na Windows inaikuza kwa nguvu. Runinga haihusiki hapo. Kisha andika "ClearType" kwenye kisanduku cha kutafutia na upitie kurasa zake. Teknolojia hiyo hutumia ukweli kwamba kila nukta ina vijitaa vitatu, chekundu, kijani na buluu, na huviwasha kimoja kimoja ili kuichonga herufi kwa wembamba kuliko nukta nzima. Inakisia kwamba chekundu kiko kushoto. Kuna runinga ambazo buluu ndiyo iko kushoto, na hapo herufi hupata vijipindo vya rangi pembeni. Kwenye zile kurasa unachagua sampuli inayokupendeza macho, na ukweli wa kioo chako utajitokeza wenyewe.

Limebaki umbali, na hapa hakuna mpangilio wa kukuokoa. Skrini ya kawaida ya ofisini ya inchi 24 ina nukta 92 kwa kila inchi. Runinga ya inchi 43 ya Full HD ina idadi ileile ya nukta zilizotandazwa juu ya eneo kubwa, zikabaki 51 kwa inchi. Kila nukta ina upana wa nusu milimita. Jicho zima huanza kushindwa kuitenga nukta ya ukubwa huo ukiwa karibu mita 1.7. Kijana alikuwa amekaa kwa urefu wa mkono, kitanda nyuma yake, meza imegusa kabati la runinga. Pale alipo, hata nukta zikikaa sawasawa, ataziona mojamoja. Tulihamisha meza hadi upande wa pili wa chumba, tukaongeza maandishi hadi asilimia 125, na hapo ndipo aliponyamaza akaanza kusoma. Runinga ya ukubwa huohuo yenye 4K ina nukta 102 kwa inchi, na unaweza kuikalia kwa nusu ya umbali huo. Kwa anayetaka runinga kwa ajili ya kazi ya maandishi katika chumba kidogo, hiyo ndiyo tofauti ya kulipia, kabla ya sauti, kabla ya programu za ndani, kabla ya jina lililo kwenye fremu.

Wiki mbili baadaye alinipigia simu. Ukungu umerudi, saa imekatwa tena. Nilimwuliza nani aligusa nyuma ya runinga. Mamake alikuwa amechomoa laptopu ili achomeke dekoda atazame habari, na yeye usiku akairudisha kwenye tundu la jirani. Runinga huhifadhi mipangilio hii kwa kila tundu peke yake, na tundu hilo jipya halikuwa limewahi kuambiwa kwamba kuna kompyuta. Alirudisha waya mahali pake na tarehe ikarudi chini ya saa. Sasa kuna kipande cha selotepu kwenye HDMI 2, kimeandikwa kwa kalamu: "Kazi."